Mfupa Ukomazao: Uhakiki wa Tafsiri za Omichicahuaztli ya Waazteki

Miongoni mwa vitu vilivyosalia kutokana na utamaduni wa Waazteki wa Mexico na majirani zao, kimoja kimewasumbua wataalamu kuliko umbo lake dogo linavyomfanya mtu atarajie. Ni mfupa mrefu, mara nyingi mfupa wa paja wa binadamu, ambao umekatwa mikato mingi sambamba, mmoja baada ya mwingine, ikivuka upana wa mfupa kama meno ya msumeno. Baadhi ya mifupa ya aina hii ina michoro iliyochongwa; mingine imepambwa kwa vipande vidogo vya rangi vilivyobandikwa kwa ustadi. Mpigaji aliuegemeza mfupa juu ya kitu kitupu ndani, kwa mfano kibuyu au fuvu la kichwa, kisha akapitisha juu ya mikato gamba la kombe au kipande kingine cha mfupa. Kila mkato ulitoa mlio wake mfupi, na milio hiyo ilipofuatana kwa kasi ikawa sauti moja kavu, yenye kukatikakatika. Kwa lugha ya Kinahuatl ala hii inaitwa omichicahuaztli.

Jina hilo, ambalo wenye ala walilitoa wenyewe, ndilo lililosikilizwa kidogo kuliko ushahidi mwingine wote. Tangu mfupa wa kwanza wa aina hii ulipovuka bahari kwenda Ulaya, wasomaji wake wameutazama kwa macho: wameona paja la mtu, wakaona mauti, wakaona kafara, wakaishia hapo. Ala ya muziki ikasomwa kama sanamu ya kutisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usomaji huo, ingawa haukutoka katika utupu, umeanzia mahali pasipofaa, na kwamba uchambuzi wa jina, ukiungwa mkono na ushahidi wa matumizi, unaufungulia mfupa huu maana pana zaidi. Suala hili ni la lugha na tafsiri kabla ya kuwa la akiolojia, na kwa sababu hiyo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili pia.

Yafaa kuanza na majina ya kigeni, maana kila jina ni uhakiki uliofupishwa. Katika makumbusho ya Roma yaliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Luigi Pigorini, na ambayo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Museo delle Civiltà, kuna omichicahuaztli iliyofika Italia zamani sana. Mtafiti Davide Domenici alichapisha mwaka 2016 makala marefu juu ya safari ya mfupa huo, na kichwa cha makala yake kimehifadhi jina ambalo uliwahi kupewa ugenini: mguu wa mfalme wa Kihindi. Jina hilo lastahili kuchunguzwa neno kwa neno. Neno "mguu" linafuta kazi ya fundi. Linaurudisha mfupa kwenye mwili kana kwamba haukukatwa mkato hata mmoja. Neno "mfalme" linaupa thamani ya ajabu machoni mwa wakusanyaji waliopenda vitu adimu. Neno "Kihindi" ni kosa la kijiografia ambalo limezoeleka hata halionekani tena kuwa kosa. Kati ya maneno hayo hakuna hata moja linalosema kwamba kitu hiki kinalia.

Wanasayansi wa mwisho wa karne ya 19 hawakuwa na haja ya wafalme, lakini nao walisita mbele ya kitenzi. Mwaka 1898 Carl Lumholtz na Aleš Hrdlička walichapisha taarifa juu ya mifupa ya binadamu iliyochimbuliwa Zacapu, katika jimbo la Michoacán, nchi ya Watarasko. Katika kichwa cha taarifa hiyo waliiita mifupa "yenye alama". Neno "alama" ni la mtu mwenye tahadhari: alama yaweza kuwa hesabu, yaweza kuwa pambo, yaweza kuwa ishara ya mwenye mali. Katika miaka hiyohiyo Frederick Starr wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika juu ya mifupa "yenye mikato" ya Mexico, naye akaishia katika kueleza umbo. (Wasomaji wa Kongo wana sababu ya kulijua jina la Starr. Ndiye aliyezuru Dola Huru ya Kongo mwaka 1905 na 1906, kisha mwaka 1907 akachapisha kitabu alichokiita ukweli kuhusu Kongo, ambacho kiliupunguzia utawala wa Leopold wa Pili lawama nyingi. Mtu mwangalifu mbele ya mfupa uliokatwa hakuwa lazima mwangalifu mbele ya watu waliokatwa mikono.)

Eduard Seler, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa maandishi ya kale ya Mexico katika zama zake, aliandika mwaka huohuo wa 1898 makala aliyoyapa kichwa chenye kitenzi ndani yake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa: hatimaye mfupa ulitambuliwa kuwa ala. Hata hivyo neno alilolitumia katika Kijerumani ni lile linalotumika kwa ala za kutikiswa, kama vile manyanga na kayamba. Omichicahuaztli haitikiswi. Mtu akiitikisa toka asubuhi hata jioni hatasikia kitu. Kosa hilo lisikuzwe kupita kiasi, kwa kuwa mwaka 1898 elimu ya ala za muziki ilikuwa bado haijapata istilahi zake. Erich von Hornbostel na Curt Sachs walipotoa mfumo wao wa uainishaji mwaka 1914, waliziweka ala za kutikisa na ala za kukwaruza katika kundi moja, zikiwa jirani kabisa, chini ya idiofoni zinazopigwa kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kwa maoni yao, kukwaruza ni mfululizo wa mapigo madogo: kila jino la mfupa linapigwa, kisha linaachwa, kisha jino la pili linapigwa. Ala za kusugua, ambazo hazina meno, waliziweka mbali, katika kundi jingine.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo haifai kupotezwa. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kusoma Hornbostel na Sachs ili ajue kwamba kukwaruza si kusugua. Asuguaye hupitisha kitu juu ya kitu kikiwa kimegandamana nacho. Akwaruzaye hukutana na vizuizi. Domenici mwenyewe, katika kichwa cha makala yake ya 2016, anauita mfupa wa Roma idiofoni ya msuguano. Kazi yake juu ya historia ya mfupa ni ya kuheshimiwa sana, lakini kwa neno hilo Kiswahili kingemsahihisha. Msuguano ungeacha mfupa laini; mikato ingekuwa pambo tu. Ni katika kukwaruza peke yake ndipo mikato inapokuwa chanzo cha sauti, na ndipo kazi ya fundi aliyekata inapopata maana.

Sasa jina lenyewe. Omichicahuaztli kwa uchambuzi wa kawaida lina sehemu mbili. Ya kwanza ni omitl, yaani mfupa, na haina utata. Ya pili, chicahuaztli, inatokana na kitenzi chicahua. Tafsiri zilizozoeleka katika vitabu vya Kihispania na vya lugha nyingine za Ulaya ni "kutia nguvu", na kwa hiyo jina zima likafasiriwa kuwa ni chenye kutia nguvu kilichotengenezwa kwa mfupa. Tafsiri hiyo si ya uongo. Lakini mtu akirejea kamusi ya padri Alonso de Molina, iliyochapishwa mjini Mexico mwaka 1571 na ambayo mpaka leo ndiyo nguzo ya masomo ya Kinahuatl cha kale, anakuta jambo la kushangaza. Chicahua, kitenzi kisicho na yambwa, kimepewa maana mbili: kupata nguvu, na kuzeeka. Kwa msomaji wa Kihispania maana hizi mbili zinagongana, kwa sababu katika lugha yake uzee ni mahali nguvu zinapoishia. Wafasiri wengi wameliepuka tatizo hilo kwa kuchagua maana ya kwanza na kuiacha ya pili ndani ya kamusi.

Mswahili hana haja ya kuchagua. Kitenzi kukomaa kinazibeba zote mbili bila shida. Tunda hukomaa, mti hukomaa, mfupa wa mtoto hukomaa, na mtu aliyekomaa ni yule ambaye miaka imemwongezea uimara. Kukomaa kuna ugumu ndani yake, kuna umri ndani yake, na kuna utayari pia: kilichokomaa kiko tayari kuvunwa, kuliwa, kupandwa tena. Kauli ya kutendesha ipo tayari, kukomaza, sawa na Kinahuatl kinavyokitumia chicahua pamoja na yambwa kwa maana ya kukifanya kitu kiwe imara. Basi omichicahuaztli ni mfupa ukomazao. Tafsiri hiyo inakaribia asili kuliko "mfupa wa nguvu", kwa sababu nguvu inaweza kutoka popote kwa ghafla, hali ukomavu unahitaji muda.

Mtu anaweza kupinga kwamba ukaribu huu wa lugha mbili zisizohusiana ni bahati tu, na kwamba haufai kutumiwa kama hoja. Pingamizi hilo lina uzito. Kiswahili hakiwezi kuthibitisha walichofikiri Waazteki. Kinachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba maana mbili ambazo wafasiri walizitenganisha hazina ulazima wa kutenganishwa, na kwamba mgongano walioudhani ulikuwa katika lugha yao. Uthibitisho wenyewe lazima utafutwe Mexico.

Nao upo. Chicahuaztli bila omitl ni jina la kitu kingine kinachofahamika vizuri: fimbo yenye manyanga, inayoonekana katika maandishi ya picha mkononi mwa Xipe Totec, mungu wa ngozi iliyochunwa, ambaye sherehe yake iliangukia mwanzo wa majira ya kilimo. Fimbo hiyo ilitikiswa na kugongwa ardhini. Umbo lake na upigaji wake ni tofauti kabisa na mfupa wenye mikato. Kinachoziunganisha ala hizi mbili katika jina moja ni kile zinachofanya kwa mlio wao. Ala inayoitwa kwa matokeo yake badala ya umbo lake inadai isomwe kwa matokeo.

Isitoshe, mfupa wenyewe katika fikra za Waazteki haukuwa kitu kilichokwisha. Simulizi ya kuumbwa kwa watu, iliyohifadhiwa katika maandishi ya Kinahuatl ya mwaka 1558 yanayojulikana kama Hekaya ya Majua, inaeleza jinsi Quetzalcoatl alivyoshuka Mictlan, nchi ya wafu, kutafuta mifupa ya watu wa zama zilizopita ili watu wapya waumbwe kutokana nayo. Mictlantecuhtli, bwana wa wafu, akamwekea sharti: alipulize baragumu la kombe huku akizunguka. Lakini kombe alilopewa halikuwa na tundu. Quetzalcoatl akawaita funza wakalitoboa, akawaita nyuki wakaingia ndani, nalo likalia. Akaichukua mifupa; njiani akaanguka, mifupa ikavunjika. Vipande vilifikishwa Tamoanchan, ambako mungu wa kike Quilaztli alivisaga ndani ya bakuli la thamani, na Quetzalcoatl akatoa damu ya uume wake juu ya unga huo. Ndipo watu wakazaliwa.

Simulizi hii hutajwa mara nyingi na wale wanaoandika juu ya dini ya Waazteki, lakini mara chache hutajwa na wale wanaoandika juu ya omichicahuaztli, na hilo ni pengo kubwa. Ndani yake kuna mambo mawili yanayouhusu mfupa moja kwa moja. La kwanza ni kwamba mfupa ni mbegu. Kinahuatl kinalisema hilo hata katika msamiati wa mwili, kwa kuwa neno lake la shahawa, omicetl, limejengwa juu ya shina lilelile la omitl. La pili ni kwamba mifupa ya wafu haipatikani mpaka ala ambayo haikuweza kulia itobolewe na kupewa sauti. Kombe lisilo na tundu ni zima, nalo ni bubu. Mfupa usio na mkato ni mzima, nao ni bubu. Katika hali zote mbili sauti inapatikana kwa kujeruhi umbo, na baada ya sauti ndipo uhai unapowezekana. Huo ni ulinganisho wa mhakiki, haukuandikwa na mzee yeyote wa Mexico. Lakini unaeleza kwa nini mtu angeuchukua mfupa, kitu kikavu kuliko vyote, akauita ukomazao.

Ushahidi wa matumizi unaonekana mwanzoni kuupinga usomaji huu. Hernando de Alvarado Tezozómoc, mjukuu wa Moctezuma wa Pili, aliyeandika tarehe ya Waazteki kwa Kihispania mwishoni mwa karne ya 16, anaitaja ala hii katika maelezo yake ya maombolezo ya wapiganaji waliokufa vitani, na anaieleza sauti yake kuwa ya huzuni. Kutokana na maelezo hayo omichicahuaztli imeitwa ala ya mazishi katika vitabu vingi, na baada ya hapo kila kitabu kikanakili kingine. Wanaonakili husahau jambo moja: Tezozómoc anazungumzia mfupa wa kulungu. Ala ilikuwa omichicahuaztli kamili bila kuwa na chembe ya mtu. Wala si yeye peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Lumholtz aliwakuta Wahuichol wa milima ya magharibi wakikwaruza mfupa wa kulungu wenye mikato katika ibada zinazohusu uwindaji wa kulungu huyohuyo, mnyama ambaye kwao ameshikamana na mahindi na mvua. Watarahumara nao walifanya vivyo hivyo kwa kijiti chenye mikato kilichoegemezwa juu ya kibuyu, katika ibada za uponyaji.

Picha iliyo wazi kuliko zote ya mtu akiipiga ala hii imo katika kodeksi iliyoko Vienna, iitwayo Vindobonensis Mexicanus I, kazi ya Wamixteki, majirani wa Waazteki upande wa kusini, iliyochorwa kabla Wahispania hawajafika. Katika ukurasa wa 24 anaonekana Upepo 9, ambaye ndiye Quetzalcoatl wa Wamixteki, ameketi na mfupa wenye mikato ukiwa juu ya fuvu la kichwa, naye anaukwaruza kwa mfupa wa bega. Alama za usemi zinatoka kinywani mwake, kwa maana anaimba. Mbele yake ameketi Ua 7, ameshika uyoga mtakatifu mkononi, na machozi yanamtoka. Mtazamaji wa haraka ataona mfupa, fuvu na machozi, akaongeza mazishi mengine kwenye orodha yake. Lakini katika ukurasa huu hakuna maiti anayeombolezwa. Ni ibada iliyofanywa na miungu na mababu zamani za kuanzishwa kwa mambo, na kurasa zinazofuata zinaelekea kwenye kuchomoza kwa jua. Muziki wa mfupa umewekwa mahali ambapo usiku wa kwanza unakaribia kwisha.

Ni picha moja, na picha moja haiwezi kubeba nadharia nzima. Inaungwa mkono, hata hivyo, na jambo lililotoka ardhini katikati ya jiji la Mexico. Katika uchimbaji wa Templo Mayor, hekalu kuu la Tenochtitlan, yalipatikana mahekalu madogo mekundu, na ndani ya sadaka moja iliyozikwa katika hekalu mojawapo, ile iliyopewa namba 78, zilikuwamo ala nyingi za muziki zilizofanyizwa kwa umbo dogo, omichicahuaztli ikiwa miongoni mwao. Wataalamu wanaihusisha sadaka hiyo na Xochipilli na wenzake, miungu ya maua, ya ngoma na ya furaha. Hivyo Waazteki wenyewe, walipopanga ala zao kwa ajili ya miungu, waliuweka mfupa wenye mikato pamoja na ngoma na filimbi.

Pamoja na hayo yote, ni lazima kujihadhari na kishawishi cha upande wa pili. Katika miongo ya karibuni kumezuka desturi ya kuwasafisha Waazteki, kana kwamba heshima kwa utamaduni inadai damu ifutwe kwanza. Mapaja ya binadamu yaliyotumika kutengenezea ala hizi yalitoka kwa watu, na kuna kila sababu ya kuamini kwamba wengi wao walikuwa mateka. Grégory Pereira aliichunguza upya mifupa ya Zacapu na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Faida ya kazi yake ni kwamba aliangalia jinsi mfupa ulivyotayarishwa, ulivyokatwa na ulivyochakaa kwa kutumiwa. Mifupa hiyo, ikumbukwe, haikuwa ya Waazteki. Watarasko walikuwa adui zao wakubwa, ndio waliolishinda vibaya jeshi la Axayacatl mnamo miaka ya 1470. Ala moja ililia pande zote mbili za mpaka huo, na huenda kila upande ulitumia mapaja ya mwingine.

Maelezo ya Bernardino de Sahagún kuhusu sherehe ya Xipe Totec yanaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu kuliko neno "nyara" linavyodokeza. Mpiganaji aliyemkamata mateka alimwita mwanawe mpendwa, na mateka alimwita mkamataji baba yake. Nyama ya mateka huyo haikuliwa na mkamataji, kwa hoja kwamba mtu hawezi kujila mwenyewe. Baada ya sherehe, mkamataji aliusimamisha mfupa wa paja uani mwa nyumba yake, akauvika vazi na barakoa ya karatasi. Mfupa huo uliitwa malteotl, yaani mungu-mateka. Sahagún hasemi kwamba mfupa huo baadaye ulikatwa mikato, na haifai kumsemea. Lakini anaonyesha kwamba paja la adui lilipoingia nyumbani lilikuwa limegeuka jamaa, tena jamaa wa kuabudiwa. Ukatili haukupungua kwa sababu hiyo, pengine ulizidi. Yule kijana aliyeuawa hakupata faraja yoyote kutokana na kuitwa mwana. Mhakiki anayetaka kuusoma mfupa huu kwa haki anapaswa kushika mambo hayo mawili bila kuliachia lolote, na ni wachache walioweza.

Upande wa michongo, yaani picha zilizochorwa kwa kisu juu ya baadhi ya mifupa, umepata wasomaji hodari tangu Hermann Beyer alipochapisha mwaka 1916 uchunguzi wake wa ala hii na wa mfupa uliochongwa uliotoka Culhuacán. Njia ya Beyer, ya kulinganisha kila umbo na yale ya kodeksi, ilikuwa sahihi na imezaa matunda. Athari yake isiyokusudiwa ni kwamba mfupa uligeuka kuwa ukurasa. Tangu hapo unachapishwa vitabuni kama mchoro uliokunjuliwa na kulazwa tambarare, mara nyingine bila hata sehemu yenye mikato, kana kwamba mikato ni pambizo na picha ndiyo matini. Lakini mfupa ni mviringo. Mpigaji alipoushika, sehemu ya picha ilifichwa na mkono wake na sehemu nyingine ilimwelekea yeye peke yake au ardhi. Hakuna msikilizaji aliyeiona yote kwa mara moja. Picha hizo zilichongwa kwa ajili ya kuwapo juu ya kitu kinacholia, na hiyo ni kazi tofauti na ya kusomwa.

Walio karibu zaidi na mikato walikuwa wanamuziki. Daniel Castañeda na Vicente Mendoza, katika kitabu chao cha mwaka 1933 juu ya ala za kabla ya Wahispania, waliipa omichicahuaztli nafasi yake miongoni mwa ala, wakaichunguza kwa ajili ya kile inachotoa. Miaka saba baadaye, Mei 1940, mtunzi Carlos Chávez aliiingiza katika utungo wake wa Xochipilli, uliopigwa kwa mara ya kwanza New York wakati wa maonyesho makubwa ya sanaa ya Mexico. Chávez hakudanganya mtu: aliuita utungo wake muziki wa Kiazteki wa kubuni. Wapo waliomkosoa kwa kubuni, na ukosoaji wao ni halali kwa kuwa hakuna noti hata moja ya Waazteki iliyotufikia. Lakini uchaguzi wa jina ulikuwa wa mtu aliyeelewa. Aliuchukua mfupa uliojulikana na kila mtu kuwa wa mazishi, akauweka katika muziki uliotungwa kwa jina la mungu wa maua, miongo kadhaa kabla sadaka namba 78 haijachimbuliwa.

Kwa wanaoandaa istilahi za Kiswahili za makumbusho na za elimu ya muziki, swali la vitendo linabaki. "Njuga ya mfupa" haifai, kwa sababu njuga hutikisika. "Manyanga" haifai kwa sababu hiyohiyo. "Mfupa wenye mikato" ni maelezo ya umbo, yanarudia tahadhari ya Starr na Lumholtz bila kuwa na udhuru wao. "Kikwaruzo cha mfupa" kinataja tendo, nacho kinatosha kwa orodha ya ala. Jina la Kinahuatl liandikwe lilivyo, na pale nafasi ya maelezo inaporuhusu mstari mmoja zaidi, maana yake itolewe kwa kitenzi ambacho Molina alihitaji maneno mawili ya Kihispania kukifafanua: mfupa ukomazao.